Sura ya Saba: Dumu la Manjano

Picha yenyewe haikuwa nzuri. Niseme hivyo mapema, maana wengi walioiona baada ya kupita mikononi mwa watu kumi na mmoja walidhani nilibahatika asubuhi ile. Sikubahatika. Ilikuwa mwisho wa Mei, masika yamekatika juzi tu, nami nimesimama kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Natron nikielekeza kamera kusini. Kushoto maji, kulia mlima Ol Doinyo Lengai, katikati tope lililokauka juu likabaki bichi chini, aina ile ya tope inayomeza kiatu na kukurudishia soksi. Jua lilikuwa bado limejificha. Mbingu ya kijivu, maji ya kijivu, tope la kijivu. Na kwenye pembe ya chini, kulia, lilikuwapo dumu la manjano la lita 20, ambalo mzee aliyetuongoza alikuwa amelitua ili afunge vizuri katambuga zake.

Dumu hilo sikuliona. Nililiona wiki moja baadaye, Dar es Salaam, mbele ya kompyuta, nikasonya.

Wakati huo nilikuwa na darasa la Jumamosi la kuhariri picha, kwenye chumba cha ghorofa ya pili kisichokuwa mbali na soko la Kariakoo. Wanafunzi kumi na mmoja: wapiga picha wa harusi, vijana wa matangazo, binti mmoja anayemsaidia mama yake dukani Mbagala, karani mmoja mstaafu aliyekuja kwa sababu mkewe alichoka kumwona nyumbani. Nilitafuta kazi ya kuwapa, nikaona nisiwape picha nzuri. Picha nzuri humfunga mhariri mikono. Nikawapa ile ya kijivu. Picha moja, wiki moja, kila mtu aifanye atakavyo. Sharti lilikuwa moja: Jumamosi inayofuata aje aeleze kila alichokigusa, na kwa nini.

Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika Natron, na hilo ndilo nililolitaka. Ukimpa mtu wa Dar picha ya Coco Beach, mkono wake una adabu. Anaijua ile bahari. Akiipaka rangi ya zambarau, atachekwa na shemeji yake kabla hajachekwa na mwalimu. Lakini Natron? Kwa mtu wa Temeke, Natron ni mbali kuliko Dubai. Dubai angalau ana jirani anayekwenda kununua nguo. Kutoka Arusha unakwenda Mto wa Mbu, na kutoka hapo bado una zaidi ya kilomita 100 za vumbi na mawe kupitia Engaruka hadi kijiji cha Engare Sero. Mandhari ya mbali namna hiyo haina shemeji wa kukucheka. Ndipo mhariri anapojulikana.

Shida ya kwanza haikuwa ya sanaa, ilikuwa ya bando. Faili ghafi, lile ambalo kamera hulihifadhi kabla ya kupika chochote, lilikuwa na uzito wa megabaiti zipatazo 30. Nusu ya darasa waliniomba niwatumie kwa WhatsApp kama picha ya kawaida. Nikakataa, wakanung'unika, ikabidi nieleze jambo ambalo nimelieleza mara nyingi hadi limepata mfano wake wa jikoni. Faili ghafi ni unga. Picha ya kawaida ya JPEG ni ugali uliokwisha kusongwa. Unga unaweza kuufanya ugali, uji, chapati ukipenda; ugali, ukishaiva, umebaki kuwa ugali, na ukijaribu kuurudisha kuwa uji utapata mabonge. Kwa hesabu, kamera yangu hupima mwanga wa kila nukta kwa ngazi 16,384, toka giza hadi weupe. JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi. Kwenye mbingu ya kijivu, ambako tofauti zote zimebanana mahali pamoja, ukiivutavuta JPEG ili mawingu yaonekane, mbingu hukatika mistari mistari kama ngazi za msikitini. WhatsApp ikishaibana zaidi, hata ugali si ugali tena, ni ukoko. Nitawatumia kama dokumenti, nikawaambia, au mje na flashi.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: hata faili ghafi halijaona rangi kama jicho linavyoona. Juu ya kihisi cha kamera kuna kichujio cha vigae vidogo mno, nusu yake kijani, robo nyekundu, robo bluu, mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak katikati ya miaka ya 1970. Kila nukta hupima rangi moja tu. Mbili zilizobaki programu huzikisia kwa kuangalia majirani. Kwa hiyo theluthi mbili za rangi katika karibu kila picha ya kidijitali unayoiona zimetokana na hesabu, si mwanga. Mwanafunzi anayeniambia kwamba yeye hahariri, anaacha picha kama ilivyo, huwa namuuliza: kama ilivyo wapi?

Jumamosi ikafika, tukafunga mapazia, tukaanza kuzitupa ukutani moja baada ya nyingine.

Kijana wa kwanza alikuwa ameweka jua. Jua kubwa, la machungwa, likichomoza nyuma ya Lengai. Lilikuwa zuri kweli na darasa likapiga makofi. Tatizo ni kwamba Lengai ilikuwa kusini kwangu. Pale Natron, nyuzi mbili na ushei kusini mwa ikweta, jua huchomoza mashariki na kidogo kaskazini au kidogo kusini ya hapo kufuatana na mwezi, lakini kuchomoza kusini kabisa halijawahi tangu dunia iwe dunia. Alinitazama kama mtu niliyemharibia sikukuu.

Wawili walibadilisha mbingu nzima, na kwa bahati mbaya yao walikuwa wamepakua mawingu yaleyale. Darasa lilicheka sana. Mimi nikawatetea, kwa sababu walikuwa na babu mheshimiwa. Katika miaka ya 1856 na 1857 Mfaransa Gustave Le Gray alipiga picha za bahari ambazo ziliwashangaza watu wa Paris na London. Kemikali za wakati ule zilikuwa zikiathiriwa mno na mwanga wa bluu, hivyo ukipima mwanga kwa ajili ya maji, mbingu iliungua ikabaki nyeupe tupu. Le Gray alipiga mbingu kivyake na bahari kivyake, akaunganisha negativu mbili katika karatasi moja kwenye mstari wa upeo. Na mawingu mazuri yakishapatikana, aliyatumia tena juu ya bahari nyingine. Kwa hiyo kubadilisha mbingu si ufisadi ulioletwa na simu. Ni ujuzi uliokaribia sana umri wa upigaji picha wenyewe. Tofauti ni kwamba Le Gray alilazimika kwenda kusimama chini ya mawingu yake.

Yule wa harusi alikuja na pinki. Vidimbwi vyote vya karibu, vile vilivyobaki kwenye tope, alivitia pinki inayoelekea wekundu, na ukoko mweupe wa magadi kandokando akaupandishia rangi hiyohiyo, ila nyepesi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema aliandika Natron kwenye simu yake na picha zote zilizotokea zilikuwa nyekundu. Nikamwambia kwamba nyingi ya hizo zimepigwa kutoka kwenye ndege au setilaiti. Ukiangalia ziwa toka juu, jicho linaingia ndani ya maji na kuona rangi ya viumbe wadogo wapenda chumvi wanaoishi humo. Ukisimama ufukweni unaona zaidi mbingu iliyojiakisi. Asubuhi ile mbingu ilikuwa ya kijivu na maji yakawa ya kijivu. Nilimwambia kwa sauti ya mtu aliyekuwepo. Kumbuka sauti hiyo, tutairudia.

Karani mstaafu alikuwa ameuona weupe juu ya Lengai akadhani ni theluji, akaupoza kwa bluu kidogo mpaka ukawa unang'aa kama Kibo. Kosa zuri hilo. Lengai, wenye urefu wa karibu mita 2,960, ndio mlima pekee duniani unaojulikana kutema lava ya aina yake hivi sasa: lava iliyojaa magadi, yenye joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, karibu nusu ya joto la lava ya kawaida. Hutoka nyeusi ikitiririka kama oili chafu, kisha ikikutana na unyevu wa hewa hugeuka nyeupe, wakati mwingine ndani ya saa chache. Weupe ule juu ya mlima ni majivu na lava iliyopauka. Ni ndugu wa magadi ambayo mama zetu hutia kwenye makande ili maharage yaive upesi. Mzee wa watu alisikiliza, akaandika kwenye daftari, akauliza, "Sasa mwalimu, magadi yana rangi gani kwenye kompyuta?"

Hilo swali lilininyamazisha. Ndilo lililokuwa swali la siku nzima, na mimi niliyeitisha kazi sikuwa nimelifikiria. Nyeupe ya kitu gani? Nyeupe chini ya mwanga upi? Unapohariri picha, hatua ya kwanza karibu kila mara ni kuiambia programu kipi ni cheupe, ili rangi nyingine zote zipange foleni nyuma yake. Kamera ikiachiwa yenyewe hukadiria. Mwanga wa adhuhuri huwa karibu na kelvini 5,500. Mwanga wa kivulini kabla jua halijapanda huwa wa bluu zaidi. Kamera yangu ilikuwa imekadiria, na kumi kati ya wanafunzi wangu walikuwa wamekadiria juu ya makadirio ya kamera.

Kabla sijafika kwa yule wa kumi na moja, nikupeleke mbali kidogo, mahali ambapo kosa hilohilo lilifanywa na watu wenye akili kutuzidi sote darasani.

Tarehe 20 Julai 1976 chombo cha Marekani, Viking 1, kilitua kwenye uwanda wa Chryse katika sayari ya Mirihi. Siku iliyofuata ikatolewa picha ya kwanza ya rangi ya mandhari yale. Hapo ndipo mbali penyewe: ishara ilichukua dakika kama 19 kufika duniani kwa mwendo wa mwanga. Kamera ya Viking ilipima nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake, na kazi ya kuzipatanisha ilifanywa huku, na watu waliokaa mbele ya mitambo California. Picha iliyotoka ilikuwa na mawe ya rangi ya kutu chini ya mbingu ya bluu nyepesi. Ungedhani ni Dodoma wakati wa kiangazi. Waandishi wa habari wakaipokea kwa furaha.

Haikupita muda, wataalamu wakagundua kwamba wamekosea. Juu ya chombo chenyewe yalikuwapo mabango madogo ya rangi yaliyowekwa makusudi, rangi zake zikiwa zimepimwa kabla ya safari. Walipopatanisha picha hadi rangi za mabango zikawa sawa na zilivyojulikana, mbingu ikageuka. Ilikuwa ya waridi inayoelekea udongo, kwa sababu hewa ya Mirihi imejaa vumbi laini jekundu. Inasimuliwa kwamba tangazo hilo lilipotolewa, baadhi ya waandishi walizomea, kwa utani lakini walizomea. Walikuwa wameipenda bluu. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Mtu aliyeketi mbele ya mtambo alikuwa mwana wa dunia, na mkono wake ulijua mbingu moja tu.

Mimi huwa nakitumia kisa hicho kila mwaka, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayeuliza kama ni kweli. Ni kweli. Na fundisho lake la kazi ni dogo, la mfukoni: ukienda mahali usipopajua, beba kitu unachokijua rangi yake, ukipige picha mara moja pale, kwenye mwanga uleule. Wapiga picha huuza na kununua kadi ya kijivu kwa ajili hiyo. Kadi yangu, asubuhi ile ya Mei, ilikuwa ndani ya begi, ndani ya gari, kilomita mbili nyuma.

Basi, yule wa kumi na moja. Binti wa Mbagala.

Alikuwa mtu asiyesema sana. Aliweka picha yake ukutani na kwanza tukadhani hajafanya kitu. Haikuwa na jua, haikuwa na twiga. (Ndiyo, kuna aliyeleta twiga. Tutampita.) Ila ukiitazama kwa dakika moja uliona kwamba ule uji wa kijivu umetengana. Maji yalikuwa na kijani kidogo ndani yake, kama chai ya mchaichai iliyopoa. Tope lilikuwa la kahawia. Ukoko wa magadi ulikuwa mweupe uliochafuka, kama mfuko wa unga uliokaa sana stoo. Mbali kabisa, ambako wengine wote tulikuwa tumeona vumbi la kamera, palikuwa na mstari mwembamba wa waridi: heroe, wale ndege wengi wetu tunaowaita flamingo, ambao wengi wao katika Afrika Mashariki hutegemea Natron kwa kuzaliana. Watu watatu walikuwa wamewafuta wakidhani ni uchafu.

Na kwenye pembe, kulia, dumu.

"Kwa nini hujalitoa hilo?" mtu akauliza, maana tisa kati yao walikuwa wamelitoa. Mwingine mmoja hakulitoa, lakini yeye alikiri kwamba ni uvivu.

Akasema, "Mimi ziwa silijui. Dumu nalijua."

Mama yake huuza mafuta ya kula kwa kupima. Madumu ya manjano ya lita 20 yamemzunguka tangu utotoni; anayajua yakiwa mapya, yakiwa yamekaa juani mwaka mzima, yakiwa yamepakwa vumbi. Alilikuza lile dumu kwenye skrini hadi likawa vijumba vya rangi, akaona kwamba manjano yake yamekuwa na ukijanibluu usiokuwa wake, akasogeza mizani ya rangi taratibu mpaka dumu likafanana na dumu. Kisha akaacha. Kila kitu kingine katika picha kikawa kimejipanga chenyewe. Alikuwa amefanya alichofanya mtaalamu wa Viking, kwa bango lililoachwa na mzee akifunga katambuga.

Kuna mtu wa darasani aliyepinga, na alipinga vizuri: plastiki hupauka, na manjano ya kiwanda hiki si ya kiwanda kile. Kweli. Dumu si kadi ya kijivu. Binti akajibu kwamba alilinganisha na madumu matatu yaliyopauka dukani, akachukua la katikati. Sijawahi kusikia maelezo bora ya kazi ya mhariri.

Sitaki ionekane kwamba nilimpa yeye maksi na kuwanyima wengine. Picha iliyonisumbua usiku ule ilikuwa nyingine, ya kijana wa matangazo aliyeondoa rangi zote akabakiza nyeusi na nyeupe. Aliifanya mbingu ikawa nzito, karibu nyeusi, na mlima ukatoka mbele kama meno. Hakuna asubuhi ya namna hiyo duniani. Hata hivyo hakuna aliyeuliza kama ni kweli, kwa sababu picha isiyo na rangi imekwisha kukuambia toka mwanzo kwamba ni tafsiri.

Bwana wa mchezo huo alikuwa Mmarekani Ansel Adams, na nadhani kila mhariri anapaswa kuijua picha yake ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico. Aliipiga jioni ya vuli ya mwaka 1941 kando ya barabara, akihangaika kwa sababu jua lilikuwa karibu kuiacha misalaba ya makaburini. Hakukiona kipima mwanga chake. Alikumbuka mwangaza wa mwezi kwa namba, akapiga hesabu kichwani, akapiga picha moja. Alipogeuza kibebea filamu ili apige ya pili, mwanga ulikuwa umeondoka. Yeye mwenyewe baadaye hakukumbuka mwaka sawasawa. Wanaastronomia walikokotoa kutoka mahali pa mwezi wakapata tarehe 1 Novemba 1941.

Negativu ilikuwa moja, na ngumu kuichapa. Mwaka 1948 aliitia kemikali tena ili kuipa nguvu sehemu ya chini. Kwa miaka zaidi ya 30 aliichapa mara zaidi ya 1,000 kwa mkono, kwenye chumba cha giza, akikinga mwanga hapa kwa kiganja, akiuongeza pale. Chapa za mwanzo zina mbingu yenye mawingu hafifu. Za mwishoni zina mbingu nyeusi kabisa. Adams alikuwa amesomea piano kabla ya kamera, na alipenda kuilinganisha negativu na muziki ulioandikwa, na chapa na upigaji wake. Ndiyo maana simwamini mtu anayesema kuhariri ni kudanganya na pia simwamini anayesema si kudanganya. Mbingu ya Hernandez haikuwa nyeusi, na Adams hakumficha mtu hilo.

Wapiga picha wa Likoni, pale Mombasa, miaka ya 1990, walijua jambo hilo bila kusoma kitabu. Kibanda kina pazia limechorwa meli na ndege. Mteja anasimama mbele yake na begi, anapigwa picha, anaituma nyumbani bara. Hakuna mtu kijijini aliyedhani kijana wao amenunua meli. Mchoro ulijitangaza kuwa mchoro. Kinachoniudhi mimi ni ile picha isiyojitangaza. Mwaka 1982 jarida la National Geographic lilisogeza piramidi mbili za Giza zikaribiane, ili picha iliyokuwa pana itoshee kwenye jalada lililosimama. Kusogeza kitu kilichokaa mahali pake zaidi ya miaka 4,000! Ikajulikana, na jarida halijasahaulishwa hadi leo.

Na Natron yenyewe imeonja. Mwaka 2013 mpiga picha Nick Brandt alitoa kitabu chenye picha za ndege na popo waliokufa na kukaushwa na magadi ya ziwa hili. Aliwaokota ufukweni, akawaweka juu ya matawi na mawe wakae kama wako hai, na alieleza hivyo mwenyewe. Lakini picha hutembea haraka kuliko maelezo yake. Ikafika kwenye magazeti na simu ikiwa imebeba maneno mengine: ziwa la Tanzania linalowageuza wanyama kuwa mawe wakiligusa. Heroe wanazaliana humo na watoto wa Engare Sero wanachezea kijito kinachomwagikia humo. Nimewahi kuulizwa na mgeni, kwa hofu ya kweli, kama nilipoingia maji yale niliweza kutembea tena.

Kuna jambo la akili mnemba ambalo sina budi kulitaja, japo nalitaja kwa haraka kwa kuwa kila mwezi linabadilika. Mmoja wa wanafunzi aliiamuru programu iipanue picha upande wa kushoto na kuondoa dumu. Ilipanda minazi mitatu. Minazi, Natron! Na mahali pa dumu iliweka jiwe safi lenye kivuli kizuri, asubuhi ambayo hapakuwa na kitu hata kimoja chenye kivuli. Hiyo programu nayo haijafika. Imeona maziwa mengi ya watu wengine na ikachukua la katikati, kama binti na madumu yake, ila yenyewe haikuwa na dumu.

Nilirudi Natron Februari ya mwaka uliofuata, kwa kazi nyingine, na nikabeba chapa ndogo za wanafunzi, saizi ya kadi za posta. Nilimkuta mzee wetu amekaa nje ya duka pale Engare Sero. Tukasalimiana kwa kirefu, nikampa soda, nikampangia picha mezani kama mtu anayecheza karata.

Alizitazama bila haraka. Ile ya jua aliigeuza upande wa nyuma kuona kama kuna maandishi, akairudisha. Ile ya minazi aliiweka pembeni na kuuliza ni nchi gani. Nyeusi na nyeupe aliipenda, akasema mlima umekasirika. Ya binti wa Mbagala aliishika muda mrefu, akatikisa kichwa kukubali, akasema, "Siku ile ya tope."

Kisha akaifikia ya pinki, ya yule kijana wa harusi. Akaniangalia usoni.

"Mwalimu, ulikuja Oktoba hukunitafuta."

Sikumwelewa. Akaweka kidole juu ya vidimbwi. Mwisho wa kiangazi, akaeleza kwa subira, maji yakishapungua na magadi yakazidi, vidimbwi vya upande huu huwa hivi, na ukoko wake huwa hivi. Wageni hupenda sana kupiga picha. Sasa mimi nimekuja wakati ule na nimechukua mtu mwingine wa kunitembeza.

Nikamwapia kwamba sijawahi kukanyaga Natron mwezi wa Oktoba. Picha zote hizi ni asubuhi moja, nikamwambia, ile ya Mei, mimi na yeye, pale pale. Ni rangi tu zimebadilishwa na vijana mjini.

Akaziweka mbili kando kwa kando, ya binti na ya kijana, akazikagua kama askari wa barabarani anavyokagua leseni.

"Hapana," akasema. "Siku ile nilikuwa na dumu langu. Hapa halipo."